Siku moja ya ziada, na faili ikagoma: uzoefu wangu na netCDF

Nilidhani hasira hii ingepoa, lakini kila nikifungua folda ya matokeo ya bahari inapanda upya. Natumia netCDF, mfumo wa faili za kuhifadhia data za kisayansi, tena ile ya zamani, aina ya anwani za biti 64 (namba zinazoonyesha kila kigeu kinaanzia wapi kwenye faili) iliyokuja na toleo 3.6.0 mwaka 2004, kwa sababu programu ya kuchorea ramani tunayoitegemea kazini haisomi nyingine. Januari yote, siku 31, ilihifadhiwa bila tatizo. Nilipoongeza siku tatu za Februari, kompyuta ilikesha ikipiga hesabu, na alfajiri, ilipofika zamu ya kuandika faili, ikaniarifu kwamba ukubwa wa kigeu kimoja au zaidi unakiuka masharti ya mfumo.

Kimoja au zaidi! Kipi sasa: joto, kasi ya mkondo au chumvi? Programu imekwisha kupima kila kigeu na kukiona kilichozidi, halafu inashindwa kukitaja jina.

Nikachukua karatasi. Kila siku ina namba 32,000,000 za baiti nne nne, yaani baiti 128,000,000 kwa kigeu kimoja. Siku 33 zingepita. Ya 34 ndiyo inayovuka kikomo cha baiti 4,294,967,292. Nimekesha kwa ajili ya siku moja! Na chumvi, yenye ukubwa uleule, haikuwa na kosa lolote, kwa kuwa ilikuwa ya mwisho kwenye faili na hakuna kigeu kinachoanzia baada yake. Ni kama shughuli ambayo aliyeketi mwisho wa mkeka ndiye peke yake anayeruhusiwa kujipakulia pilau bila kipimo.

Nilikwenda kwa kijana wa chumba cha mitambo. Hakuinua macho kutoka kwenye simu yake: "Kaka, watu walihamia netCDF-4 tangu 2008, wewe ulikuwa wapi?" Hakuuliza hata kwa nini nimebaki huku.

Dawa niliipata mwenyewe. Mhimili wa muda ukitangazwa kuwa hauna kikomo, kipimo huhesabiwa kwa kila siku peke yake, si kwa jumla ya siku zote. Nilibadilisha mstari mmoja, faili ikaandikwa.

Nilikusudia kuandika kwamba mfumo huu haufai kabisa, lakini nitakuwa mwongo, maana faili zangu kongwe bado zinafunguka bila shida. Tena ukaguzi wa ukubwa hufanyika mara tu maelezo ya vigeu yanapofungwa, kabla ya namba yoyote kuandikwa; ni mimi niliyepanga faili itengenezwe baada ya hesabu zote kwisha. Kwa hiyo naupendekeza, hasa kwa anayejali kusomeka kwa data yake miaka mingi ijayo. Kisha nakumbuka ule ujumbe wa "kimoja au zaidi", naifuta sentensi hiyo ya sifa, na baada ya chai nairudisha.