Ziara ya basi Nashville: Lainey Wilson hakupata zali, acheni kudanganya watu

Nimepanda ile ziara ya basi ya Nashville, mji wa muziki wa country kule Marekani, wanayotangaza kwamba wanakusimulia wasanii wa kike wa country walivyoanza, ni juzi juzi tu hapa na hasira bado ninazo. Jina la kampuni sitaji. Basi safi, dereva mstaarabu, kwa hiyo nilishapanga kuwapa nyota tatu.

Shida ni yule kijana wa maiki. Ukumbi wa muziki wa Ryman Auditorium kauelezea vizuri, Dolly Parton kamsimulia kwa mapenzi kabisa, tumefika kwa Lainey Wilson, mwimbaji wa country ambaye ndiye aliyenipandisha kwenye hilo basi, anasema "huyu tamthilia ya Yellowstone ndiyo ilimtoa, usiku mmoja tu akawa staa", halafu huyoo kahamia kwenye habari za wapi pa kununua buti. Usiku mmoja?! Nikanyoosha mkono, nikamwambia samahani kaka, huyu dada alihamia hapa 2011 na karavani, ile nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, akaipaki nje ya studio na kuishi humo miaka, mbona hilo husemi? Akaniangalia, akazima maiki wengine wasisikie, akaniambia "mama, unataka kuongoza wewe?" Kisha akaiwasha akaendelea kutabasamu.

Jamani. Mtoto wa mkulima kutoka Baskin, Louisiana, kijiji ambacho watu hawafiki hata 300, tangu yuko shule anatafuta vihela kwa kujifanya Hannah Montana, yule binti mwimbaji wa kipindi cha TV cha watoto, kwenye birthday za watoto. Mashindano ya kuimba ya kwenye TV kajaribu wakamkataa. Na redio za country zenyewe ndiyo hizo, 2015 mshauri wao mmoja alisema hadharani kwamba kwenye saladi yao wanaume ndio majani na wanawake ni nyanya tu, yaani ukitaka wasikilizaji, nyimbo za wanawake usizipige sana. Kipindi hicho hicho huyu dada anasota mji huo huo. Wimbo wake Things a Man Oughta Know umekuja kushika namba moja redioni 2021, kuigiza Yellowstone kaanza 2022, sasa kipi kilitangulia?

Haya, nyimbo zake zilikuwa zinasikika kwenye hiyo tamthilia hata kabla hajaigiza na zilimsaidia sana, kijana hakukosea yote. Angesema hivyo tu ningeshuka nimefurahi. Ila ukiiruka ile miaka kumi ya kusota umeruka stori yenyewe, na ndiyo mliyotuuzia kwenye tiketi.

Kilichoniuma zaidi, siti ya nyuma yangu kulikuwa na binti kapakata gitaa, mgeni mjini, anatafuta pa kuimba Broadway, ule mtaa wa baa za muziki wa hapo Nashville, hata kwa tipu tu. Tukishuka akanifuata kuniuliza kama ile ya karavani ni kweli. Nikasimama naye pale kituoni juani nikamsimulia yote, mpaka gesi ya kupashia joto ilivyokuwa inamuishia huyo dada katikati ya baridi, mpaka 2023 alivyochukua tuzo ya CMA, chama cha muziki wa country, ya mtumbuizaji bora wa mwaka, ambayo mwanamke hakuwa ameichukua tangu Taylor Swift 2011. Binti kashika mdomo anasikiliza. Kazi hiyo nimelipa mimi ifanywe na nyinyi!

Sasa hizo nyota tatu nazifuta. Moja, nayo ni ya dereva. Na email yangu ya kurudishiwa hela mnayo muda sasa, ijibuni.