Mafunzo ya Kutua Katika Upepo wa Ubavuni: Tathmini ya Mwanafunzi Aliyekwisha Kupata Ajali

Nilijiandikisha katika mafunzo haya ya siku mbili baada ya ajali iliyonipata nikiwa peke yangu ndani ya ndege ndogo aina ya Cessna 172. Magurudumu yalikwisha kugusa lami, nikalegeza mikono nikidhani kazi imekwisha, na upepo uliokuwa ukivuma kutoka kushoto ukainua bawa la upande huo na kuigeuza pua iuelekee, hata ndege ikatoka njiani, ncha ya bawa la kulia na propela zikagonga ardhi. Sikuumia. Injini ilibidi ifunguliwe na kukaguliwa, kwa sababu propela ikigonga kitu inapozunguka, kubadilisha propela peke yake hakutoshi. Shule iliyonifundisha awali ilinirusha asubuhi tu, upepo ukiwa umelala.

Mwalimu wa mafunzo haya huanzia pale nilipoharibu mimi, yaani baada ya ndege kugusa chini. Siku ya kwanza karibu yote tulirudia jambo moja: kuzungusha usukani kuelekea unakotoka upepo na kuuongeza hadi mwisho wake kadiri mwendo unavyopungua, kwa kuwa hewa inayopita juu ya mabawa huwa hafifu na usukani hupoteza nguvu, huku miguu ikiilinda pua ibaki katika mstari wa katikati.

Hesabu nazo zilielezwa vizuri. Upepo wa noti 20 (noti ni maili ya baharini kwa saa) unaokuja kwa nyuzi 30 kutoka mwelekeo wa njia huisukuma ndege ubavuni kwa noti 10, na ukija kwa nyuzi 60 hufikia noti 17 hivi. Noti 15 za upepo wa ubavuni zilizoandikwa katika kitabu cha ndege yangu ni kiasi kilichothibitishwa katika majaribio ya kiwanda. Hazimpimi mwanafunzi, jambo ambalo ningependa kuambiwa mapema zaidi.

Kasoro kubwa niliyoiona katika mafunzo ni somo la upepo wa vishindo, yaani upepo unaoongezeka nguvu kwa ghafla, lililopitiwa harakaharaka. Kuongeza mwendo wa kutua kwa nusu ya tofauti kati ya upepo wa kawaida na kishindo chake kulitajwa, lakini hatukukufanyia mazoezi ya kutosha. Anayetaka kujiunga aulize kabla ya kulipa iwapo siku isiyo na upepo itaahirishwa. Yangu iliahirishwa bila gharama, na siku ya pili nilighairi kutua mara mbili bila mwalimu kunilaumu.