Banda la Anko, Chang'ombe: pazuri pa kuitazamia Stars AFCON ya 2025, ila jenereta lake!

Kama huna king'amuzi nyumbani, au umechoka kugombea rimoti na watu wa tamthilia, kibanda umiza (banda la kutazamia mpira kwa kiingilio) cha Anko pale Chang'ombe, Dar es Salaam, ukitokea upande wa Keko, ndicho ninachokipendekeza kwa mechi za Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) Desemba hii ya 2025 kule Morocco. Nampa nyota nne. Ya tano imeliwa na jenereta.

Kiingilio siku za ligi ni jero (shilingi mia tano), siku za Stars ni buku (elfu moja). Wapo wanaonung'unika kwamba timu ya taifa ni ya wote, bei inapandaje. Mimi sioni tatizo. Kuna televisheni mbili kubwa, feni zinazozunguka kweli, na mabenchi yana pa kuegemea, kitu ambacho vibanda vingi havina. Usikae tu benchi la tatu kushoto, nguzo inakuficha goli zima la upande wa kulia.

Dada zangu mnaouliza kama pana usalama: upo. Anko anavaa filimbi shingoni kama refa. Ukitukana unapulizwa, ukirudia unatolewa nje na buku yako huidai. Choo kina maji na komeo. Mlangoni kuna mama wa mihogo ya kukaanga na kachumbari, pilipili yake omba mwenyewe akupimie kidogo. Kahawa na kashata zinapita ndani hadi mapumziko.

Umeme ukikatika ndipo shida inapoanza. Kijana anavuta kamba ya jenereta, anavuta, anapumzika, watu wanampa ushauri. Likiwaka, king'amuzi nacho kinaanza upya kutafuta mawimbi. Hapo umeshakosa kona mbili na pengine bao.

Kingine ni kuchelewa kwa picha. Agosti 2025 kwenye CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, robo fainali na Morocco, mechi ilichezwa Uwanja wa Mkapa, hapo hapo jirani. Kila shambulizi tulilisikia kutoka uwanjani kabla halijafika kwenye skrini. Kipindi cha pili kelele za uwanja zikakatika ghafla wakati kwenye televisheni Wamorocco bado wanapasiana. Banda zima likajua. Tukakaa tunasubiri kuonyeshwa bao ambalo tumeshafungwa. Safari hii mechi ziko mbali, labda majirani wenye antena ndio watakaotuwahi.

Sasa swali ambalo wengi mnaniuliza: mechi tatu ni buku tatu, je, kutakuwa na buku ya nne, yaani tutavuka makundi?

Tuseme ukweli. Kabla ya hii ya 2025, Stars ilikwenda AFCON mara tatu, za 1980, 2019 na 2023. Mechi tisa, sare tatu, ushindi hakuna. Kundi C lina Nigeria, Tunisia na Uganda. Nigeria tunafungua nao tarehe 23 Desemba mjini Fès, saa mbili na nusu usiku kwa saa zetu. Mwaka 1980 pia tulifungua nao, kwao Lagos, wakatupiga 3-1. Hawa wametoka kukosa Kombe la Dunia kwa penalti mbele ya DR Congo Novemba 2025, wana hasira, na wana mshambuliaji Osimhen. Tunisia wamecheza mechi kumi za kufuzu Kombe la Dunia bila kuruhusu hata bao moja. Kumi!

Kwa hiyo mechi yetu ni ya Uganda, Jumamosi tarehe 27. Hapo ndipo pa kutafuta pointi tatu, na pointi tatu zinaweza kutosha. Kwenye AFCON ya 2023 DR Congo walitoa sare mechi zote tatu za makundi, wakavuka, wakafika nusu fainali.

Wasiwasi wangu si kufunga bao la kwanza. Ni kulilinda. Mwaka 2019 tuliiongoza Kenya mara mbili, tukaishia kulala 3-2. Kwenye AFCON ya 2023, Msuva wetu alifunga mapema, Zambia wakabaki kumi tangu kabla ya mapumziko, na bado Daka wao akasawazisha dakika ya 88. Kwa Anko siku ile kuna mzee alivua kofia akaikalia. Timu inayoongoza dhidi ya watu kumi haitakiwi kurudi nyuma namna ile, ni kama mtu anayeomba afungwe.

Kocha Gamondi amekabidhiwa timu Novemba 2025 kutoka kwa kocha Hemed Suleiman 'Morocco', muda ni mdogo mno. Bandani tayari wamegawanyika: mashabiki wa Yanga wanasema ni kocha wao wa zamani, aliwapa ubingwa, wa Simba wanasema ngoja tuone. Hata pasi ya kiungo Fei Toto inajadiliwa kwa kuangalia alikotoka, Yanga, wakati yuko Azam siku nyingi! Mimi ninachokiona ni kwamba mabeki Bacca na Job wanacheza pamoja klabuni Yanga, basi ukuta usiguswe. Mshambuliaji Samatta asiachwe peke yake mbele akisubiri mipira mirefu. Tukipata sare moja na tukiifunga Uganda, tunavuka. Tukifungwa na Uganda, siku ya Tunisia bakini nyumbani.

Siku ya Uganda fikeni kabla ya saa moja na nusu usiku, kwa sababu vijana wa Kiganda wa gereji ya nyuma wameahidi kuja na wenzao. Anko anaandika majina ya benchi la mbele kwa wanaolipa mapema. Mimi na mdogo wangu tumeshalipia Uganda na Tunisia. Nigeria tutatoa hela mlangoni.