LSD ya kufunga mwenyewe kwenye difu ya pikapu: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Pikapu isiyo na mzigo ni nyepesi nyuma, na hapo ndipo difu ya kawaida inapokuangusha. Difu hiyo hugawa nguvu sawa kwa sawa kati ya tairi mbili. Tairi iliyo kwenye tope ikihitaji nguvu kidogo tu ili iteleze, basi hata ile iliyo kwenye ardhi ngumu hupata kiasi kile kile kidogo, na gari halisogei. LSD (limited-slip differential, difu inayobana tairi moja isikimbie peke yake) huvunja usawa huo na kupeleka nguvu zaidi kwenye tairi iliyoshika.

Aina ni nyingi. Hapa nimezipanga kwa ajili ya mtu anayefunga nyumbani kwa spana zake, kwenye gari la kazi linalopita lami siku nyingi na tope siku chache. Kwa gari la kupanda mawe tu, mpangilio ungekuwa mwingine.

Ijue ekseli yako kwanza

Hasara kubwa katika ununuzi huu hutokana na kifaa kisichoingia. Kabla ya kuangalia jina la kampuni, pata mambo matatu: aina ya ekseli, idadi ya meno kwenye ncha ya hafushafti, na uwiano wa krauni na pinioni, yaani giya kubwa na giya ndogo inayoizungusha ndani ya difu. Ekseli ya Ford 8.8, kwa mfano, huja na hafushafti za meno 28 au 31, na LSD ya moja haiingii nyingine. Ekseli ya Dana 44 ina makasha mawili tofauti (kasha ndilo linalobeba krauni): moja la uwiano wa 3.73 kushuka, jingine la 3.92 kupanda. Uwiano utaupata kwa kuhesabu meno: krauni ya 41 na pinioni ya 11 ni 3.73, 41 kwa 10 ni 4.10.

Hakikisha pia huna LSD tayari. Inua tairi zote mbili za nyuma juu ya stendi, weka giya huru, achia handibreki, zungusha tairi moja kwa mkono. Nyingine ikizunguka upande uleule, una LSD au difuloki (inayofunga tairi mbili zizunguke pamoja). Ikirudi kinyume, kwa kawaida ni difu ya wazi, ila usikate shauri mapema: baadhi ya LSD za giya nazo hurudi kinyume zikiwa hazina mzigo. Jibu la uhakika liko ndani ya kifuniko.

1. LSD ya giya

Hii ndiyo ningemshauri mtu anunue bila kusita. Ndani yake kuna giya ndogo za meno ya mshazari ambazo, tairi moja ikianza kukimbia, husukumwa dhidi ya ukuta wa kasha na kuizuia. Haina klachi za kuisha wala haihitaji dawa ya kuongeza kwenye oili. Kwenye kona za lami huisikii kabisa. Torsen ni ya familia hii, na kwa pikapu inayojulikana zaidi ni Detroit Truetrac ya Eaton. Kwa Truetrac tumia oili ya madini ya 80W-90, si ya sintetiki. Ndivyo watengenezaji wenyewe wanavyoelekeza.

Udhaifu wake ujue kabla ya kulipa. LSD hii huzidisha nguvu ya tairi dhaifu, tuseme mara tatu. Tairi ikiwa hewani kabisa nguvu yake inakaribia sifuri, na sifuri mara tatu ni sifuri. Dawa ni kukanyaga breki kidogo huku unaongeza mafuta, ili tairi iliyo hewani ipate upinzani. Kwa tope, mchanga na barabara yenye mashimo inatosha sana.

2. Difu nzima iliyotumika, yenye LSD ya kiwandani

Chaguo hili ni la wenye ekseli ambayo difu yake hutoka nzima kwa mbele, upande wa propela, kama Toyota Hilux nyingi za zamani na Ford ya inchi 9. Unatoa hafushafti, unafungua nati, unashusha difu ya zamani na kupandisha nyingine ambayo krauni na pinioni zake zimeshapangwa. Hakuna kupima chochote, na kwa fundi wa nyumbani hilo ni jambo kubwa. Uwiano lazima ulingane na wa zamani, hasa gari likiwa la magurudumu manne, maana difu ya mbele na ya nyuma zikitofautiana utavunja kitu. Zungusha pinioni kwa mkono kabla ya kununua. Ukisikia mkwaruzo, iache hapo hapo.

3. LSD ya klachi

Inafanya kazi vizuri, na kwa kuwa springi zake hubana klachi muda wote, husaidia hata tairi moja ikiwa hewani. Nimeishusha nafasi kwa sababu klachi huisha, na inahitaji kiongezi maalumu kwenye oili. Bila hicho hukwaruza na kutetemeka kwenye kona. Ukikuta yenye vipuri vya klachi vinavyopatikana kirahisi, si ununuzi mbaya.

4. Difuloki ya swichi

Kwa kushika ardhi hakuna inayoizidi: ARB hutumia hewa, nyingine hutumia umeme, na ukiiwasha tairi zote mbili huzunguka pamoja. Lakini sasa una kompresa, bomba au nyaya za kupitisha, pamoja na kazi yote ya difu. Kwa lami na tope la kawaida unalipia usichotumia.

5. Loka ya kuchomeka ndani ya kasha la zamani

Ndiyo rahisi kufunga kuliko zote, kwani huchukua nafasi ya spaida tu (giya ndogo za ndani ya kasha) na mara nyingi krauni haiguswi. Ndiyo pia yenye tabia mbaya zaidi barabarani: hugonga kwenye kona, na kwenye lami yenye maji nyuma ya pikapu tupu inaweza kuteleza kando bila onyo. Kuchomelea spaida kwa weldingi sikuweki kwenye orodha hata kidogo.

Kazi yenyewe, kwa wanaochagua namba 1 au 3

Pamoja na LSD nunua beringi mpya za kasha, bolti mpya za krauni, sili, na gundi ya kuzuia bolti zisilegee. Azima dayo geji (saa ya kupimia mchezo mdogo) kama huna. Bila geji hiyo usianze.

Pima mchezo (nafasi ndogo ya meno kucheza) kati ya krauni na pinioni kabla hujafungua chochote, uandike. Mara nyingi huwa kati ya milimita 0.15 na 0.25. Kwa kuwa pinioni huigusi, kazi yako ni kuirudisha krauni ilipokuwa. Weka shimu (vibao vyembamba vinavyoamua krauni ikae wapi) za kushoto na kulia mbalimbali, na utie alama vifuniko vya beringi, maana kila kimoja kimechongwa na upande wake. Kabla ya kulazimisha bolti za krauni, angalia kama hazikazwi kinyume; baadhi ya ekseli za Chrysler na GM ziko hivyo. Kupandisha beringi kwenye kasha jipya peleka kwa mwenye presi. Nyundo itaziharibu.

Mchezo ukiwa mkubwa, hamisha shimu kutoka upande wa meno ya krauni kwenda upande wa mgongo wake, krauni isogee karibu na pinioni. Rudia kupima sehemu tatu au nne za mzunguko. Hapa ndipo siku inapoishia, na ndipo difu isiyolia inapotengenezwa.

Ukimaliza, usiwashe gari na kuingiza giya huku tairi moja imeinuliwa na nyingine iko chini. Kwa difu ya zamani lingekaa. Kwa LSD litaruka kutoka kwenye jeki. Na tairi mbili za nyuma ziwe za saizi moja na zimechakaa sawa, la sivyo LSD itafanya kazi kila mita ya barabara na oili itachemka.