Mkono Ulioinuliwa Dawatini: Uzoefu Wangu wa Kukodi Gari Hamburg kwa Safari ya Nchi Tano

Naanza na salamu, kwa kuwa hasira yangu yote imeanzia hapo. Shangazi yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alijifunza maneno mawili ya Kijerumani kabla ya safari, na asubuhi tuliyokwenda kuchukua gari katika ofisi moja ndogo ya kukodisha magari hapa Hamburg aliyasema yote mawili, "Guten Tag", kwa sauti safi na tabasamu. Kijana wa dawatini, macho yake yakiwa kwenye kompyuta, aliinua mkono wa kushoto, kiganja kikiwa kimetuelekea kama cha askari wa usalama barabarani anayesimamisha daladala, huku wa kulia ukiendelea kuchapa. Salamu ile haikujibiwa wakati huo, wala haikujibiwa baadaye.

Safari yenyewe tulikuwa tumeipanga kwa zaidi ya mwezi. Kutoka Hamburg tungekwenda kaskazini hadi Puttgarden, tuvuke kwa feri ya dakika 45 hadi Rødby, tulale Copenhagen, tupite kwenye daraja la Øresund lililofunguliwa mwaka 2000 hadi Malmö anakoishi binamu yangu, kisha tupande feri ya Trelleborg iturudishe Ujerumani kupitia Rostock, na kutoka hapo tushuke Berlin, Dresden, Prague na Vienna, kabla ya kurudi nyumbani kwa njia ya Passau. Viza moja ya Schengen ilimtosha shangazi kwa nchi zote tano, na wanaozijua foleni za ubalozini wataelewa furaha tuliyokuwa nayo. Kwa upande wa barabara, kila nchi ina mambo yake. Ujerumani haiyatozi magari madogo ada ya barabara kuu, Denmark na Uswidi zinakusubiri darajani ulipie kuvuka, na Jamhuri ya Czech iliacha stika za karatasi mwaka 2021, hivyo sasa malipo yote husajiliwa kwa namba ya gari.

Austria ndiyo iliyonitoa jasho. Nayo hudai vinyeti, yaani kibali cha kulipia barabara kuu, na wakati ule mtu aliweza kuchagua stika ya kubandika kiooni au vinyeti ya kidijitali inayofungwa kwenye namba ya gari. Mnunuzi wa kawaida aliyenunua ya kidijitali kwa njia ya mtandao alitakiwa kusubiri hadi siku ya 18 ndipo ianze kufanya kazi, kwa sababu sheria inampa mnunuzi wa mtandaoni muda wa kubadili nia na kurudishiwa fedha zake. Asiyelijua hilo alifika mpakani na risiti ambayo bado haikuwa na kazi. Mimi nililijua, na nakiri nilijivuna kidogo mbele ya mke wangu kwa kulijua. Kwa hiyo niliiandikia kampuni wiki kadhaa mapema nikaomba namba ya gari nitakalopewa, nikajibiwa kwa barua pepe yenye namba hiyo na maneno kwamba gari limetengwa kwa jina langu. Nikanunua vinyeti usiku uleule.

Sasa turudi dawatini. Mkono ulipokwisha kushushwa, kijana alituambia kwamba gari lile limekwisha kutoka kwa mteja mwingine na tutapewa jingine. Nilimwonyesha barua pepe yao wenyewe. Akaitazama kwa muda usiotosha hata kusoma mstari mmoja, akasema, "Namba ya gari si ahadi." Nilipomweleza habari ya vinyeti, na kwamba muda wa kuirudisha ulikuwa umepita, alinijibu kwamba hilo ni jambo langu na Austria. Shangazi, aliyekuwa ameketi juu ya sanduku lake na chupa ya chai mapajani, aliniuliza, "Baba, kuna nini?" Nilimjibu kwamba hakuna neno, wanatubadilishia gari tu. Aliniangalia, kisha akamwangalia yule kijana, akafunga vizuri kifuniko cha chupa ambacho kilikuwa tayari kimefungwa.

Naomba nieleweke. Bei ya vinyeti ya siku kumi haizidi sana bei ya sahani moja ya chakula katika mgahawa wa kawaida wa mji huu, na mtu mzima hawezi kulia kwa sababu ya fedha hizo. Ningeambiwa "samahani" mara moja tu, hata kwa uongo, nisingekuwa naandika maneno haya.

Haki lazima itendeke pia kwa gari lenyewe, maana lilikuwa jipya kuliko lile tuliloahidiwa, na viti vyake vya mbele vilikuwa na joto la kuwasha kwa kitufe. Shangazi, ambaye magoti yake humsumbua kwenye baridi, alikigundua kitufe hicho kabla hatujafika Puttgarden na hakukizima hadi Malmö. Halikutusumbua hata mara moja, na karatasi ya ruhusa ya kuvuka mipaka waliiandika sawasawa, ikiwa na namba sahihi na nchi zote. Tukiwa ndani ya feri ya Trelleborg, ambayo huchukua takriban saa sita na kumpa mtu nafasi ya kutulia, nililipia barabara za Czech kwa simu, na malipo yakaanza kufanya kazi papo hapo. Hapo nilikuwa nimekwisha kuwapa nyota tatu kati ya tano moyoni mwangu, na pengine ningefika nne.

Stika ya Austria tuliinunua kwenye kituo cha mafuta karibu na Mikulov, kabla ya mpaka. Muuzaji aliitoboa siku na mwezi kwa kikoleo kidogo, nami nikaibandika upande wa kushoto wa kioo huku shangazi akinisimamia kama fundi mkuu: "Ipandishe kidogo, imepinda." Tuliporudi kupitia Passau, polisi wa mpakani walitusimamisha, kwani Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024. Afisa mmoja alichukua pasipoti ya shangazi, na shangazi akamsalimu kwa maneno yake mawili. Afisa akamjibu, akaitazama viza, akamrudishia pasipoti kwa mikono miwili na kumtakia safari njema. Kilomita nyingi zilipita kabla shangazi hajasema, "Yule kijana wa bunduki kanijibu."

Sentensi hiyo ndiyo iliyoziondoa nyota zangu, lakini pengine zingerudi kama siku ya kurudisha gari nisingemkuta kijana yuleyule. Aliyapitia matairi, akaipitia milango, kisha akasimama mbele ya kioo, akaikwaruza stika ya Austria kwa ukucha, na kuniambia kwamba mteja haruhusiwi kubandika kitu chochote kiooni bila idhini. Kioo hicho hicho kilikuwa na stika ya kijani ya mazingira waliyoibandika wao, ile ambayo bila hiyo gari haliruhusiwi kuingia katikati ya Berlin, na stika yangu isingekuwapo kabisa kama wangenipa gari lenye namba waliyoniandikia. Niliyasema hayo yote kwa Kijerumani changu bora kabisa. Akaandika kwenye fomu ya ukaguzi: "Gundi kwenye kioo."

Mtu akiniuliza kama gari lao linafaa kwa safari ndefu, nitamwambia linafaa sana, na kwamba asinunue chochote kinachofungwa kwenye namba ya gari mpaka funguo ziwe mkononi mwake. Akiniuliza kuhusu ofisi, nilikuwa nimepanga kusema nyota mbili. Nilipofika kwenye habari ya ukucha nimeghairi, nimeacha moja, na hiyo moja ni ya kile kitufe cha kiti.