RC-600 na hesabu nzima ya kulupu laivu: uzoefu wangu

Niseme mapema, Boss RC-600 naipenda na siiuzi leo wala kesho. Ni lupa, yaani mashine ya kulupu: unarekodi kipande palepale steji, inakirudia bila kukoma (hiyo ndo lupu), nawe unaongeza vingine juu yake. Ila nikishuka steji hakosi mtu wa kuniuliza ile mashine ya miguuni bei gani, na nikimtajia bei ya mashine peke yake nakuwa sijamsaidia kitu, manake hiyo ni sehemu tu ya hela inayotoka mpaka mtu mmoja asimame na gitaa lake asikike kama bendi. Kwa hiyo hapa naandika hesabu nzima, kwa yule anayedunduliza sasa hivi na hataki kukwama njiani.

Nilianzia kwenye TC Electronic Ditto, kile kipedali kidogo chenye swichi moja na noobu moja, dakika tano za kurekodi, basi. Kwa kujifunza kulupu sijaona kitu kinacholipa kuliko kile na mpaka leo namwambia kila anayeanza aanzie hapo. Shida inakuja steji na ni ya pedali nyingi za swichi moja, ambazo kusimamisha lupu ni kugonga mara mbili haraka haraka, na mguso wa pili ndo unatakiwa utue kwenye mpigo, sasa unaimba mstari wa mwisho huku mguu umeshaanza kuhesabu, ukichelewa nukta tu lupu inarudia mwanzo wake kidogo na ukumbi mzima umesikia. Kuna pedali kama RC-1 zinakubali uchomeke swichi ya nje ya kusimamishia, nzuri sana, lakini swichi yenyewe inauzwa pembeni. Hesabu inaanza hapo.

Nilipotaka traki nyingi, yaani lupu kadhaa ambazo kila moja unaiwasha na kuizima peke yake, kila mtu alikuwa ananisukuma kwenye RC-505mkII, nayo ya Boss. Ni mashine ya maana, traki tano za stereo, kila moja na slaida yake, na wanaolupu kwa mdomo na maiki wanaiabudu kwa haki. Lakini ile ni ya mezani, inachezwa kwa mikono, na mimi mikono yangu yote miwili iko kwenye gitaa. Ukiwa mpiga gitaa inabidi uongeze swichi za mguu, na ukitaka kuendesha traki zote bila kuinama unahitaji ubao wa midi (swichi za mguu zinazoituma mashine amri kwa waya), na stendi ya kuiwekea mashine, na waya wa kuunganisha. RC-600 iko sakafuni, traki sita za stereo na swichi tisa za mguu palepale. Kwenye karatasi ilionekana ghali zaidi, nikajumlisha vikorokoro vyote vya upande wa pili, tofauti ikayeyuka. Nikachukua iliyotumika. Linganisha seti na seti, usilinganishe boksi na boksi, hilo ndo ningependa mtu yeyote alibebe hata kama haya mengine hayasomi.

Sasa watu wanalalamika mbona lupa za kazi ziko juu hivyo wakati ni memori tu. Memori ilikuwa hoja zamani. Lexicon JamMan ya miaka ya 1990 ilitoka kiwandani na sekunde 8, ukiongeza chipu unafika 32. Echoplex Digital Pro, ambayo wakongwe wa kulupu bado wanaizungumzia kwa heshima, ukiijaza memori yote unapata sekunde 198. Leo RC-5, pedali unayoishika kwa mkono mmoja, inabeba saa 13 za stereo. Kwa hiyo hulipii memori tena, unalipia swichi zinazovumilia kukanyagwa, matundu ya kuingiza maiki na gitaa kwa pamoja, matundu kadhaa ya kutoa sauti, na programu ya ndani inayoshika traki zote ziende sawa bila kupishana. Halafu kubwa kuliko yote, wanunuzi ni wachache. Pedali ya swichi moja inanunuliwa na kila mpiga gitaa anayefanya mazoezi chumbani, ila mashine ya traki sita inanunuliwa na sisi tu tunaosimama peke yetu, na gharama ya kuibuni inagawanywa kwetu. Inauma lakini naielewa.

Njia ya kompyuta nayo nimeipita. Programu zenyewe ni za bure au unazo tayari: Mobius ya Jeff Larson ni bure na imejengwa kwa mtindo wa ile Echoplex, SooperLooper ya Jesse Chappell nayo bure, na Ableton Live ina kifaa chake cha kulupu tangu toleo la 8 la 2009. Kwa uwezo hizi zinaipita mashine yoyote ya sakafuni, nakiri kwa moyo mweupe. Ila bure inaishia hapo. Unahitaji laptopu yenye nguvu, intafesi ya sauti (kiboksi cha kuingiza gitaa na maiki kwenye kompyuta), na ubao wa miguu kama Behringer FCB1010 wenye swichi kumi na pedali mbili za kukanyagia. Halafu kuna kuchelewa kwa sauti: kompyuta inakusanya sauti kwa mafungu madogo yanayoitwa bafa, na ukiweka bafa ya sampuli 256 kwenye kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, ni karibu milisekunde 5.8 kwa upande mmoja tu, sauti inaingia na inatakiwa itoke pia, na saketi za intafesi zinaongeza zake. Ukishusha bafa laptopu dhaifu inaanza kukatakata. Nyumbani naitumia sana kutungia nyimbo na naipenda, steji siipandishi.

Kitu ambacho watu hawakihesabu kabisa ni kelele, na kwa mtu wa lupu hii ni mambo mengine kabisa. Mpiga gitaa wa kawaida akiwa na shiii kidogo kwenye laini yake, iko moja na inapotea kwenye muziki. Sisi tunairekodi, halafu tunaweka tabaka juu yake, nalo linakuja na shiii yake. Tabaka nne zenye shiii ya kiwango kilekile zinapandisha kelele karibu desibeli 6, na lupu ikicheza peke yake katikati ya wimbo wa taratibu kila mtu anaisikia. Ndo maana hela ya waya nzuri na ya pawa saplai ambayo kila tundu limetengwa, yaani kila pedali inapata umeme wake peke yake, siihesabu kama anasa. Kabla ya hapo pedali zangu zote zilikuwa zinakula kwenye adapta moja ya bei poa iliyogawanywa, ikawa inatoa kasauti kembamba kama mbu, na kila nikiongeza tabaka mbu wanaongezeka. Nilivyobadilisha pawa tu, kimyaaa.

Sehemu ya kuokoa hela ipo, ni maiki. Usihangaike na kondensa, yale maiki ya studio yanayonasa hata sauti ndogo, ya gharama kwa ajili ya steji. Kondensa inanusa kila kitu, ikiwemo lupu yako mwenyewe inayotoka kwenye spika, kwa hiyo ukiongeza sauti ya pili unarekodi na lupu nzima tena juu yake na inakuwa uji. Dainamiki, aina ya maiki isiyonasa sana sauti za mbali, ya kawaida kama Shure SM58, mdomo uwe karibu, spika isikutazame, inatosha kabisa.

Kwa wanaonunua iliyotumika: muuzaji wangu, simtaji, alisema adapta yake ya asili ipo, mzigo ukafika na adapta nyingine kabisa iliyokuwa inavuma, nikalazimika kununua nyingine. Kwa hiyo mwambie muuzaji aiwashe kwa adapta hiyohiyo anayokupa, bila kuchomeka chombo, sauti juu, usikilize. Kanyaga kila swichi polepole halafu haraka haraka, manake iliyochoka inasoma mara mbili au inaruka, na inayochoka kwanza mara nyingi ni ya traki ya kwanza. Rekodi lupu ya dakika kadhaa, iache izunguke, ongeza tabaka, futa la juu, rudisha. Chomeka maiki kwenye kila tundu la maiki.

Kilichobaki kwenye orodha yangu ni pedali moja ya ekspresheni (ile unayoiinamisha kwa mguu kama ya gesi ya gari) ya kufifisha traki taratibu kwa mguu badala ya kukata ghafla. Hiyo naisubiri itokee iliyotumika, mpya bado siigusi.