Mhudumu haji na wageni wako mezani: programu ipi ya zamu inunuliwe Zanzibar

Msimu wa Juni hadi Oktoba ukiingia, wenye mikahawa ya Paje na Nungwi huanza kunyang'anyana wahudumu, maana waliopunguzwa wakati wa masika wengine wamesharudi bara. Nimezipima njia za kupata watu kwa swali moja tu: mhudumu akipiga simu saa kumi jioni kuwa haji, utakuwa na mtu ikifika saa moja usiku?

Ya kwanza ni programu ya kupanga zamu kwa watu unaowajua mwenyewe, mfano Connecteam, Sling au 7shifts. Unawaingiza waajiriwa pamoja na deiwaka wako (vibarua wa siku), kila mmoja anaweka siku anazoweza. Zamu ikiwa wazi unaibandika, anayeiwahi anaichukua. Thamani yake utaiona Ramadhani: anayetaka kufuturu kwao Makunduchi anabadilishana na mwenzake asiyefunga, meneja anabonyeza kukubali, basi. Kabla ya kulipia ijaribu kwenye simu ya bei poa, si ya bosi, kisha zima data uone kama ratiba bado inasomeka. Angalia pia wanavyotoza. Wakitoza kwa kichwa, deiwaka wanaokuja mara mojamoja watakumaliza. Connecteam ina mpango wa bure kwa watu wasiozidi 10. Anza na huo.

Ya pili, grupu la WhatsApp. Ni bure, na mgahawa wa watu sita hauhitaji zaidi. Tatizo ni kwamba tangazo la zamu huzama chini ya salamu za Ijumaa, na siku ya mshahara kila mtu ana hesabu yake ya masaa.

Ya tatu, wakala wa wafanyakazi. Ni ghali, mtumie kwa harusi kubwa au Februari mji ukijaa wageni wa tamasha la muziki la Sauti za Busara. Muulize mapema, kwa maandishi, nani analipa michango ya ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii Zanzibar).

Za mwisho ni programu za kuazima vibarua usiowajua, kama Instawork na Qwick. Zimetengenezwa kwa miji ya Marekani. Hapa kwetu, hata kijana wa Fuoni, huko karibu na mjini, akikubali zamu ya Nungwi, atarudi na nini saa sita usiku? Gari ya 116, daladala ya Nungwi na mjini, haimsubiri. Kwa hiyo kwenye bajeti ya programu yoyote, ongeza na nauli ya bodaboda.